Usiogope, Ni Sumu Inatoka

Niliuza juisi za kusafisha mwili hapa Tanga kwa zaidi ya mwaka, na katika muda wote huo hakuna maneno niliyoyarudia kama haya: "Usiogope, ni sumu inatoka." Nilimwambia mteja aliyelalamika kuumwa kichwa. Nilimwambia aliyeharisha mpaka miguu ikalegea, na aliyeona kizunguzungu akiinuka kitandani. Nilimwambia shangazi yangu kwa simu, muda mfupi kabla hajapoteza fahamu. Juisi yenyewe nitaieleza, maana nayo haikuwa salama kama nilivyodhani, lakini kosa langu kubwa ni maneno hayo na ndiyo ninayotaka kuyaungama kwanza.

Mpango wangu ulikuwa wa siku saba. Asubuhi maji ya uvuguvugu yenye limau na tangawizi ya kutwanga. Mchana kutwa ni chupa: moja ya tango, mchicha na limau, nyingine ya bitiruti na karoti, na kwa wale walioambiwa wana mafuta kwenye damu, moja ya mabirimbi. Chakula hakuna, isipokuwa kipande cha papai kwa aliyezidiwa kabisa. Usiku, kikombe cha sanamaki iliyochemshwa na kuachwa ipoe mpaka maji yawe rangi ya chai kavu. Alfajiri nilikuwa sokoni nachagua matango magumu. Nikirudi naosha kwa maji yaliyochemshwa, nasaga, nachuja kwa kitambaa cheupe ambacho sikukitumia kwa kazi nyingine yoyote. Chupa nilizibandika karatasi, "Siku ya 1", "Siku ya 2", mpaka ya 7. Nilikuwa msafi, nilikuwa mkweli wa vipimo, sikuchanganya maji wala rangi. Nasema hivyo kwa sababu usafi ule ndio uliowafanya watu waniamini. Mtu akiona chupa imeandikwa vizuri na imefungwa vizuri, huchukulia kwamba hata maelezo yanayoandamana nayo yamepimwa vilevile.

Wazo la kusafisha tumbo halikuwa geni kwa wateja wangu. Wengi wetu huku Pwani tulikua tukinyweshwa haluli au mafuta ya nyonyo likizo ikikaribia kwisha, umebanwa pua na mama amekushika mikono. Nililijua hilo na nikalitumia. Kwenye matangazo niliandika "tiba ya bibi zetu". Haikuwa kweli. Bibi zetu walitoa haluli mara moja, kwa mtoto aliyevimbiwa au aliyeshukiwa minyoo, na kesho yake mtoto alikula uji. Sijawahi kusikia bibi wa Pwani aliyemnyima mtu mzima chakula wiki nzima kwa jina la tiba. Mpango wangu niliutoa kwenye video za Wamarekani, nikabadilisha viungo vyao nikaweka vya soko letu, kisha nikawasingizia marehemu.

Chimbuko la video zile nimelisoma baadaye. Mmarekani mmoja, Stanley Burroughs, alieneza mpango wa kunywa maji ya limau yenye sharubati ya mti na pilipili kali badala ya chakula. Kitabu chake kilitoka mwaka 1976 na ndicho kinachonakiliwa mpaka leo na watu wasiojua hata jina lake. Aliwahi kumtibu kijana mwenye saratani ya damu kwa limau hilo na kumkandakanda, na kijana akafa. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya California ilifuta hatia yake ya mauaji, lakini ikaacha hatia ya kufanya udaktari bila leseni. Na kabla yake, miaka ya 1880, daktari Charles Bouchard wa Paris alikuwa akifundisha kwamba chakula kinachooza kwenye utumbo humwaga sumu kwenye damu. Fundisho hilo liliwafanya madaktari wakubwa waharibu watu: huko London, Sir William Arbuthnot Lane alikuwa akiwakata wagonjwa utumbo mpana ili kuwaokoa na sumu hiyo. Mwaka 1919 Walter Alvarez, daktari wa Marekani, aliuliza swali jepesi. Mtu aliyefunga choo anaumwa kichwa, akipata choo kichwa kinaacha papo hapo. Kama ni sumu iliyokwisha kuenea kwenye damu, inawezaje kutoweka dakika ileile? Baadaye watafiti walijaza pamba katika njia ya haja kubwa ya watu waliojitolea, na pamba, ambayo haina sumu yoyote, ikaleta maumivu yaleyale. Madaktari waliliacha fundisho hilo muda mrefu kabla mimi sijazaliwa, na mimi nikaliuza kwa chupa.

Sasa nije kwa shangazi.

Anaishi Pongwe, na ana kisukari kwa miaka mingi. Anatumia glibenklamaidi, kidonge asubuhi na kidonge jioni. Nilijua. Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito, kwa sababu siwezi kusema kwamba mteja alinificha hali yake. Mimi mwenyewe nimewahi kumchukulia dawa zake kliniki. Nilimpelekea chupa bila malipo, kwa mapenzi, nikamwambia zitasafisha kongosho lianze kufanya kazi upya. Akaniuliza, "Na vidonge, mwanangu, niendelee navyo?" Nikamwambia aendelee. Siku ile nilijiona mwangalifu sana, kwa sababu wateja wengine nilikuwa nawashauri wapumzishe dawa za hospitali ili ini nalo lipumue.

Siku ya pili mchana alinipigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jasho linanitoka mpaka kanga imeloa. Na mikono inatetemeka, hata chupa nashindwa kuishika."

"Ndiyo yenyewe hiyo, shangazi. Usiogope, ni sumu inatoka. Sukari yote ile ya miaka inatafuta pa kutokea. Kunywa maji, ulale."

"Nina njaa ya ajabu."

"Vumilia. Ukila sasa utairudisha yote."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla. Mtu yeyote aliyeishi na mgonjwa wa kisukari anazijua dalili hizo. Shangazi mwenyewe alifundishwa kliniki, na ndiyo maana alipiga simu. Mwili wake ulikuwa unaomba chakula kwa lugha ambayo hospitali ilikwisha kumtafsiria, na mimi nikaibadilisha tafsiri. Asingenipigia, angekula, na jambo lingeishia hapo.

Mjukuu wake alirudi kutoka shule akamkuta mkekani, anaongea maneno yasiyoshikana na kumwita kwa jina la babu yake aliyekwisha kufa. Mtoto akakimbilia kwa jirani, mama anayepika chapati, ambaye mume wake aliugua kisukari mpaka mwisho wa maisha yake. Yule mama hakuuliza swali. Alimkalisha, akamlaza kichwa upande, akampaka asali kwenye fizi kidogokidogo huku bajaji ikitafutwa. Hospitalini walimtoboa kidole na kipimo kikasoma 1.8, na chini ya 4 ni hatari kwa mtu mwenye sukari. Wakamwekea dripu ya glukosi. Akafumbua macho, akazungumza, na nilipofika mimi nikadhani tutarudi naye nyumbani jioni ileile. Muuguzi akanikatalia. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala, na kwa mtu mzima ambaye figo zake zimeanza kuchoka dawa hukaa mwilini muda mrefu. Kweli usiku sukari ilishuka tena.

Asubuhi yake shangazi alinishika mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimeshindwa kumaliza siku zako."

Sikuwa na la kumjibu.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Nilimweleza kila kitu, kwa kuwa alihitaji kujua alichokunywa. Hakunikaripia. Aliuliza, "Mlikuwa mnatoa sumu gani?" Nikasema sumu za mwilini. Akasema, "Nitajie moja." Nikataja kemikali za vyakula vya viwandani. "Ipi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka nikitoa sumu kwenye miili ya watu na sikuweza kutaja jina la hata moja.

Nilikuja kugundua kwamba hata wakubwa wa biashara hii walishindwa na swali hilo. Mwaka 2009, nchini Uingereza, wanasayansi vijana waliokuwa chini ya shirika la Sense About Science waliwaandikia watengenezaji wa bidhaa 15 zilizodai kusafisha mwili, wakitaka waeleze ni sumu zipi zinaondolewa na ushahidi uko wapi. Ushahidi haukupatikana, na hata maana ya kusafisha mwili kila kampuni ilikuwa na yake. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Australia walipitia yote yaliyoandikwa kuhusu mipango hii na hawakukuta jaribio hata moja la kupima mipango inayouzwa kwa kulinganisha makundi ya watu yaliyopangwa kwa bahati nasibu, kama dawa zinavyopimwa. Mimi nilikuwa na shuhuda za WhatsApp.

Sumu zenye majina zipo, na hospitali zinazitibu. Mkulima aliyevuta dawa ya kuulia wadudu ya jamii ya oganofosfeti hupewa atropini. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi hupewa asetilsisteini kabla ini halijaharibika. Madini ya risasi yakizidi kwenye damu ya mtoto kuna dawa ya kuyakamata na kuyatoa kwa mkojo. Kila moja ina kipimo chake cha damu, ina dozi yake, ina mtu anayekesha kando ya kitanda. Tango halimo.

Na kwa zile taka ambazo mwili wenyewe huzalisha, una kazi yake isiyokatika. Ukila maharage au samaki, mabaki ya protini hutoa amonia, ambayo ingevuruga ubongo kama ingeachwa izunguke. Ini huigeuza kuwa yurea. Namna linavyofanya ilielezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932. Kisha figo huitoa. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote, na kuacha lita moja au mbili za mkojo. Zinafanya hivyo ukiwa usingizini, ukiwa umefunga, ukiwa umekula biriani. Niliposoma hayo niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nawaambia watu wenye figo nzima na ini zima kwamba wamejaa uchafu, na wao wakaondoka kwangu wakiichukia miili iliyokuwa ikiwahudumia.

Nimerudi mara nyingi kwenye maneno yangu, nikitafuta kwa nini yalinishika hata mimi. Mteja akijisikia vizuri, nilisema juisi inafanya kazi. Akijisikia vibaya, nilisema inafanya kazi zaidi. Hapakuwa na hali ambayo mteja angeweza kuwa nayo ikanionyesha kwamba nimekosea. Maumivu, ambayo Mungu ameyaweka yatuonye, niliyageuza kuwa risiti. Na kadiri mtu alivyoumia ndivyo alivyoona pesa yake haikupotea.

Leo najua zile dalili zilikuwa nini. Kichwa cha siku ya kwanza na ya pili mara nyingi kilikuwa cha mtu aliyezoea chai na kahawa akakatishwa ghafla. Kizunguzungu kilikuwa cha maji na chumvi vilivyotoka na sanamaki. Pumzi yenye harufu kali, ambayo niliwaambia ni uchafu wa tumbo unapanda, hutokea mwili unapoanza kuchoma mafuta kwa kukosa chakula. Na mizani, ile iliyoniletea wateja kuliko kitu kingine chochote? Ini na misuli huweka akiba ya wanga, kama nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Usipokula, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Karibu kilo mbili zinaweza kuondoka ambazo si mafuta. Ongeza na utumbo uliokuwa mtupu kwa sanamaki. Ukila wali siku mbili tatu, zinarudi, na mimi nilikuwa nawaambia zimerudi kwa sababu wamerudia uchafu, kwa hiyo wanunue tena. Sanamaki haipunguzi unene. Chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na yenyewe inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Unachopoteza ni maji na potasiamu.

Nisiwe dhalimu upande wa pili. Wapo waliojisikia vizuri kwelikweli, na sababu zipo. Wiki ile hawakunywa soda wala bia, hawakula chipsi za usiku, walilala mapema. Mtu akifanya hivyo na huku anakula ugali wake na mboga, atajisikia vizuri vilevile, na hatanunua kwangu kitu.

Hofu iliyonikosesha usingizi baada ya shangazi kuruhusiwa ilikuwa ya wale wengine. Nilianza kusoma juu ya kila kitu nilichokuwa nasaga. Mabirimbi yana oksaleti nyingi. Huko Kerala, India, ambako watu huyanywa kwa nia ileile niliyowauzia, kupunguza mafuta kwenye damu, madaktari waliripoti mwaka 2013 wagonjwa 10 walioharibikiwa figo ghafla kwa juisi yake iliyokolea. Yale mabirimbi mawili matatu ya kwenye mchuzi wa samaki au achari hayana neno. Mimi nilikuwa nakamua bakuli zima kwa chupa moja. Mchicha nao una oksaleti, na ukiusaga mbichi mafungu kwa mafungu kila siku unampa mtu kiasi ambacho asingekimaliza kwa kutafuna. Bitiruti ina potasiamu nyingi. Mwenye figo dhaifu anayetumia losatani kwa ajili ya presha anaweza kulimbikiza potasiamu mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Balungi, nililoliongeza katika msimu wake, huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, kama simvastatini na nifedipini, dawa ikazidi kwenye damu ingawa mtu amemeza dozi ileile. Na nilisoma habari ya Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kwenye kliniki ya kupunguza unene walipewa mitishamba ya Kichina ambamo mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye sumu. Zaidi ya 100 waliathirika figo, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kubadilishiwa figo. Walikwenda wakiwa wazima. Walitaka kupungua tu.

Nilifungua daftari la wateja nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Kuandika ujumbe mmoja kwenye kundi kungekuwa rahisi, na ningeona alama za kwamba wamesoma, lakini nilitaka kusikia sauti zao. Niliwauliza kama wanatumia dawa yoyote, jambo ambalo nilipaswa kuliuliza kabla sijapokea shilingi. Nikawaambia yaliyompata shangazi na maneno niliyomwambia. Wengine walikasirika, na ni haki yao. Wengine walinitetea kwangu mwenyewe: "Mbona mimi nilipona?" Fundi seremala mmoja, mtu mpole sana, alinijibu bila lawama kwamba vidonge vyake vya presha aliviacha tangu wiki ile, kwa vile nilimwambia ini lipumue, na akaona hana tatizo. Nilimwomba anisubiri, nikapanda bodaboda, tukaenda naye zahanati. Kipimo kilisoma 190 juu ya 110. Hakuwa anaumwa popote. Alirudishiwa dawa siku ileile. Sijui angeendelea hivyo mpaka lini kama nisingepiga simu, na sijui wako wangapi walionunua kwa mkono wa mtu mwingine ambao majina yao hayamo daftarini.

Shangazi amerudi kwenye vidonge vyake na milo yake. Daktari alimpunguzia dozi. Bado ananiita mwanangu, na bado anamwambia kila mgeni kwamba mimi ni mjuzi wa mambo ya afya. Namsahihisha mbele ya watu hao hao. Hapendi.

Wateja wangu wengine wamehamia kwa binti mmoja aliyejifunza kwangu. Anauza mpango uleule, na kwenye ujumbe wake wa kila asubuhi ameweka maneno yangu, neno kwa neno. Nilimwendea nyumbani. Sikumwambia afunge biashara. Nani asiyejua kwamba ana wadogo zake anaowasomesha? Nilimwomba mawili: aulize kila mtu juu ya dawa na maradhi, na mwenye sukari, presha, figo au mimba asimuuzie, na afute yale maneno, aandike mahali pake kwamba mtu akitoka jasho, akitetemeka au akiona kizunguzungu, ale na aende hospitali.

La kwanza alikubali. La pili alilifikiria, akasema, "Dada, nikiyaondoa hayo, siku ya pili wote wanaacha."

Nikamwambia, "Waache."

Hajayaondoa bado. Jumamosi nitakwenda tena, na safari hii nimemwomba shangazi tufuatane.